Mgahawa wa Kisichuan mjini Chengdu: tofu ya kusifiwa, kuku wa kusikitisha

Katika mgahawa mmoja mdogo mjini Chengdu, makao makuu ya jimbo la Sichuan nchini China, niliagiza mapo tofu, chakula ambacho mji huo umejivunia tangu karne ya 19, nikaletewa bakuli lililokuwa bado likitokota, mafuta mekundu yakielea juu ya vipande laini vya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) na nyama ya ng'ombe ya kusaga. Ladha yake hutokana na doubanjiang, yaani maharagwe mapana yaliyochachushwa pamoja na pilipili, na huajiao, ambayo ingawa huitwa pilipili, kwa kweli ni maganda ya tunda la jamii ya michungwa; yenyewe hutia ganzi midomo na ulimi, na ganzi hiyo ikikutana na ukali wa pilipili, Wachina huuita mchanganyiko huo mala. Wali mweupe ni wa lazima. Kuku wa gongbao, apikwaye kwa karanga na pilipili kavu, alinisikitisha: sukari ilizidi, na karanga zilikuwa zimelowa mchuzi hadi zikalainika. Anayependa samaki wa mvuke asiyefunikwa na viungo awatafute wapishi wa Guangdong, jimbo la kusini mwa China, kwani hapa hata kabichi ililetwa na pilipili.