Baikal IZH-43 iliyotumika: kagua bawaba, nakshi baadaye

Shotigani mpya ya bei ya chini hung'aa dukani, na kung'aa ndiko kunakoiuza. Mwenye bajeti ndogo Dar es Salaam afadhali atafute Baikal IZH-43 iliyotumika: ya Izhevsk, Urusi, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Si bunduki ya kuringia. Ina kilo tatu na ushee, mbao zake utadhani mguu wa meza, na triga zake ngumu. Ila mitutu imepakwa kromu kwa ndani, na katika mji ambao hewa ya chumvi inakula hata bawaba za milango, kromu hiyo inashinda nakshi zote.

Karatasi kwanza. Namba ya mitutu, ya bodi (chuma kinachobeba mitutu na triga) na ya ubao wa mbele, ule wa chini ya mitutu, zilingane, kisha zilingane na leseni ya muuzaji. Namba iliyopigwa msasa haina mjadala: rudisha bunduki mezani, aga, ondoka. Silaha haihami mikono kwa makubaliano ya watu wawili. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla polisi hawajahusishwa na leseni yako haijawa sawa, hata advansi usitoe.

Sasa chuma. Fungua, hakikisha chemba zote mbili, pa kuwekea risasi, ni tupu, kisha vua ule ubao wa mbele. Wengi huuacha, na hapo ndipo wanapopigwa: springi yake husukuma mitutu kwa nyuma na kuficha ulegevu. Ukishautoa, funga bunduki, shika kitako, itikise karibu na sikio. Ikigonga kt-kt, bawaba, pale mitutu inapokunjia, imelika. Tazama pia mkono wa juu wa kufungulia. Bunduki isiyochoka, mkono huo husimama kulia kidogo ya mstari wa kati. Ukiwa umevuka kwenda kushoto, komeo limelika na matengenezo yatakula ile nafuu uliyoifuata.

Toa mitutu, elekeza dirishani, chungulia huku unaizungusha taratibu. Duara za mwanga zinatakiwa zitulie. Duara ikivunjika upande mmoja, pamebonyea, na fundi mzuri anaweza kuinua. Ukiona pete ya giza imezunguka mtutu mzima, umevimba, kwa kawaida kwa sababu ulipigwa ukiwa umeziba tope au tambara. Huo usiununue hata kwa nusu bei. Chunguza pia kromu karibu na chemba: ikishabanduka, unyevu huingia chini yake na kutu hutambaa mahali brashi haifiki.

Urefu wa chemba umechongwa kwenye mitutu: milimita 70 au 76. Usikisie. Ukishawishiwa na bunduki kongwe ya Kiingereza, kumbuka nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi ya 70 itaingia bila shida, kwa kuwa urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Likifunguka ndani ya chemba fupi, mdomo wake hubana njia ya marisau na shinikizo hupanda. Kuingia si kutosha. (Na risasi ya geji 20, ile nyembamba ya ganda la njano, isikae mfuko mmoja na za 12, huteleza mbele ya chemba ikaziba mtutu bila mtu kujua.)

Triga zijaribiwe kwa magamba ya bandia, maana kupiga pini ya kufyatulia risasi hewani, chemba ikiwa tupu, huweza kuivunja.

Mikwaruzo ya kitako ni ya kuombea punguzo tu. Kinachodai umakini ni mbao iliyoungana na chuma: ikiwa nyeusi na laini ukiibonyeza kwa kucha, imelowa mafuta miaka mingi na itapasuka. Hutokea bunduki inapopakwa mafuta tele kisha kusimamishwa kwa kitako. Ukishainunua, ndani ya sefu isimamishe midomo ikiwa chini, juu ya kipande cha zulia.