Karakana ya Redio Tabora: Fundi Anayepima Kabla ya Kubadilisha

Amplifaya yangu ya gitaa niliijenga mwenyewe kwa miezi saba. Ina valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) moja ya 12AX7 mbele, EL84 moja nyuma, na nguvu ya wati 5 hivi, zinazotosha kabisa kwa mazoezi ya kwaya yetu. Ilikuwa na maradhi mawili: ilivuma tangu inapopata moto, na baada ya kama dakika ishirini sauti ilikwaruza huku bamba la ndani ya EL84 likiwa jekundu kama kaa. Fundi wa kwanza alibadilisha valvu, akalipwa, na valvu mpya ikawa nyekundu jioni ileile. Ndipo nikaelekezwa kwenye karakana ndogo karibu na soko kuu, kwa mzee aliyeanza kazi enzi za redio za valvu.

Nilimwamini tangu alipoanza. Plagi ilikuwa imeshachomolewa, lakini hakugusa kitu ndani mpaka alipounganisha rizista kubwa (kifaa kinachopunguza mkondo) kati ya kapasita (vifaa vinavyotunza chaji) za umeme mkubwa na chasi, yaani fremu ya chuma, akasubiri, kisha akapima hadi mita ikasoma chini ya volti moja. Kapasita hizo hubeba zaidi ya volti 250, zinaweza kubaki nazo muda mrefu baada ya umeme kukatwa, na zinaua. Alipowasha, alipitisha umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60, ili kama kuna shoti balbu ing'ae na transfoma ipone. Alipoona imefifia, akaiondoa na kuanza kupima. Spika aliiacha imeunganishwa muda wote, kwa kuwa transfoma ya sauti inaweza kuungua valvu ikifanya kazi bila spika.

Kwenye kathodi ya EL84, mguu ambao mkondo wa valvu hupitia, alikuta volti 11 juu ya rizista ya omu 130, yaani zaidi ya miliampia 80, wakati valvu hiyo kwa volti 250 hutakiwa kupitisha takribani 50. Gridi, mguu unaopokea sauti, ambayo ilipaswa kusoma sifuri, ilikuwa na volti 6 chanya. Hapo ningedhani angenyooshea valvu kidole, kama mwenzake. Yeye alizima, akamaliza tena chaji yote, akafungua mguu mmoja wa kapasita inayoleta sauti kutoka 12AX7 huku ikizuia volti zake kubwa, akawasha upya. Gridi ikarudi sifuri, na volti zikaonekana kwenye ule mguu uliofunguliwa. "Mwanangu, valvu yako haina kosa, kapasita ndiyo inayovuja," alisema. Kapasita hiyo ya karatasi nilikuwa nimeitoa kwenye redio kuukuu bila kuipima.

Kwa ule mvumo, aliniomba nipige uzi wa sita wa gitaa kwenye kipande cha tatu cha shingo. Noti hiyo ni hezi 98, karibu sawa na hezi 100 zinazosikika kapasita za kuchuja umeme zikichoka. Mvumo wangu ulikuwa chini yake kwa oktava moja, yaani hezi 50, kwa hiyo akaelekea moja kwa moja kwenye nyaya za volti 6.3 zinazopasha valvu moto, ambazo nilikuwa nimezilaza sambamba na waya wa gridi. Alizisokota pamoja, akazisukuma pembeni mwa chasi, akaongeza rizista mbili za omu 100 kwenda arthi. Sasa nasikia gitaa peke yake. Nimepiga gitaa miaka mingi katika mji huu uliotoa bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na sikuwahi kufikiri kwamba sikio la mpigaji linaweza kuwa kipimo cha umeme.

Nililipa shilingi 45,000 pamoja na kapasita mpya ya volti 630, ambayo ilibidi isubiriwe siku kumi na mbili kutoka Dar es Salaam. Siku hizo sizilalamikii. Ninalolilalamikia kwa dhati ni meza ya kazi kuwa mlangoni kabisa, chasi zikiwa wazi na zimewashwa, mahali ambapo watoto hupita. Nilimweleza, na naomba asogeze meza hiyo ndani. Vilevile hatoi maandishi ya vipimo alivyovikuta, hivyo beba daftari lako.

Ukienda, chukua pia spika yako na mchoro wa saketi, kwa sababu mzee huomba mchoro kabla hajauliza tatizo.