Duka la dawa Mwanjelwa: nyota nne, ya tano watanunulia benchi

Nanunua pareto kavu kwa wakulima wa Uporoto. Vumbi la yale maua halinipendi: nikifungua kiroba tu, chafya mfululizo, macho yanawasha kama nimepakwa pilipili. Dawa yangu miaka yote ni piritoni. Mwezi wa saba nikasinzia mbele ya mzani, nikaandika kilo 46 badala ya 64. Mkulima aliona kabla yangu. Aibu niliyopata siisimulii yote.

Ndipo nikaingia hapa. Nikaomba piritoni, binti wa kaunta hakunipa. "Baba, unafanya kazi gani? Unaendesha gari?" Foleni nyuma yangu ikaguna. Akaniuzia setirizini vidonge kumi, kimoja kila jioni, na somo juu yake.

Histamini ni kemikali, alisema, mwili huimwaga ukikutana na kitu unachokiona adui, kama hilo vumbi langu. Hushika vipokezi, yaani vipokea ujumbe vilivyo kwenye utando wa seli. Viko vya aina nne. H1 ndivyo vinavyoleta chafya na muwasho, H2 vya tumboni huagiza asidi, H3 viko zaidi kwenye ubongo, H4 kwenye seli nyeupe za damu. Piritoni hupenya hadi ubongoni, na huko H1 kazi yake ni kukuweka macho. Ukivizima, unalala kwenye mzani. Setirizini huingia huko kidogo sana, ingawa wapo wanaosinzia nayo pia.

Nikadhani yameisha. Akaokota vizibo viwili vya chupa za dawa ya kikohozi, akavibananisha. Kumbe vipokezi hivi vinaweza kushikana. H1 hushikana na H1 mwenzake, na kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zenye H1 na H2 pamoja, imeonekana hata hao wawili hushikana. Ukichokoza kimoja, vyote huzama ndani ya seli, na kile ambacho hakikuguswa nacho hupoteza usikivu. Nikamwambia hao ni ng'ombe wa nira moja: mmoja akilala, mwenzake hatembei. Akacheka, akasema mfano huo atauiba.

Mimi mfanyabiashara, nikapiga hesabu papo hapo. Basi nipe na ile ya asidi ya tumbo, tuzime pande zote!

"Hapana, baba. Hayo yameonekana kwenye seli za maabara. Kama utahitaji zote mbili, daktari ndiye ataamua."

Angeweza kuniuzia. Hela nilikuwa nimeishika mkononi.

Wiki ya tatu sasa. Chafya zimepungua, hazijakwisha, na barakoa bado navaa. Mzani sijaukosea tena.

Lawama ninazo. Benchi hakuna, mama mmoja mjamzito alisimama muda wote ninaofundishwa habari za vizibo, na hapo na mimi nina kosa. Risiti mpaka uidai. Na ukienda mchana utamkuta kijana mwenye simu sikioni, atakupa chochote utakachotaja bila kukuuliza hata swali moja. Nendeni asubuhi.