IST yangu na ugonjwa wa Jumatatu: uzoefu wangu na fundi aliyepima kwanza

Katikati ya wiki gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004, linawaka bila neno. Taabu ni Jumatatu. Nikiliegesha Ijumaa jioni nikalirudia Jumatatu alfajiri, nageuza ufunguo nasikia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta, basi. Vijana wa mtaani wanajitolea kusukuma, na kila mara nawaambia hii ni automatiki, haiwaki kwa kusukumwa, tafuteni waya za kushtua.

Kabla sijampata fundi ninayemwelezea hapa, nilikuwa nimeshanunua betri mbili ndani ya miezi saba. Ya kwanza ilipoanza kulala nikasema ni feki, nikaiuza chakavu kwa bei ya chapati na supu. Ya pili, NS60 mpya, haikumaliza hata miezi miwili. Muuzaji akaipima, akasema nzima ila haina chaji, nikaangalie altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Nikaenda. Injini ikiunguruma mita ikasoma volti 14.1, altaneta safi. Nikalipa, nikarudi nyumbani na gari lile lile.

Hapo nikajifanya fundi. Nilishasikia kwamba gari likiwa limezimwa linaweza kuwa na kitu kinachonyonya umeme chinichini, na kwamba kuna mita ya kubana waya inayosoma mkondo bila kufungua chochote. Nikanunua moja Kariakoo, shilingi 35,000. Nikaibana kwenye waya mweusi wa betri: 0.00. Nikafurahi, kumbe furaha ya bure. Mita nyingi za bei ile zinabana umeme wa nyumbani tu, ule wa AC. Umeme wa betri ni DC, zenyewe haziuoni kabisa. Kwa hiyo ukienda kununua, usiridhike kuona alama ya DC kwenye volti. Tafuta alama ya A yenye mstari mnyoofu na nukta chini yake. Yenye A na kiwimbi peke yake itakufaa kupimia jokofu. Yangu sasa ipo kabatini.

Fundi nilielekezwa na jirani. Kwenye simu, kabla hajaja, alinipa bei: 30,000 ya kupima, apate asipate, kurekebisha ni hesabu nyingine. Nilinuna kidogo. Nimezoea fundi asiyetoza kupima, akija na betri mgongoni.

Alichelewa saa mbili nzima. Lakini alipofika hakugusa hata spana. Alifungua boneti, akafungua mlango wa dereva na kuusukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ukajifunga, ili gari liamini mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Ufunguo akaniambia nikauweke ndani ya nyumba. Halafu akaomba maji ya kunywa, akakaa kivulini. Baada ya dakika kumi nikamuuliza tunasubiri nini. "Dada, gari nalo linahitaji kusinzia. Ukilipima macho yakiwa wazi litakudanganya." Tulikaa nusu saa.

Mita yake ilikuwa ya kubana pia, ila ya DC yenyewe. Aliishika hewani kwanza, akabonyeza kitufe cha kuirudisha sifuri, ndipo akaibana kwenye waya hasi. Ampea 0.42. Akaniuliza kama kuna siku huwa silitumii gari. Nikamwambia Jumamosi na Jumapili. Akacheka.

Hesabu yenyewe hii hapa, maana hakuna aliyewahi kunipigia. Gari la kawaida likiwa limelala halitakiwi kuzidi takriban ampea 0.05, hiyo ni ya saa, kumbukumbu za redio na alamu. Langu lilivuta 0.42. Usiku mmoja wa saa 12 ni kama ampea-saa 5, na safari ya kazini inazirudisha. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60: zinaondoka ampea-saa 25 kati ya 45 ambazo betri yangu inabeba ikijaa, na stata, mota ya kuwashia injini, haina huruma na betri iliyobaki chini ya nusu. Tena betri ya gari haipendi kushushwa hivyo kila wiki, inachakaa kweli.

Nilitegemea aanze kuchomoa fyuzi moja moja. Hakuchomoa. Aliweka mita kwenye milivolti na kugusa vile vichwa viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Umeme ukipita kwenye fyuzi unaacha tofauti ndogo ya volti. Usipopita ni sifuri. Alisema ukichomoa ovyo unaweza kuliamsha gari, au kile kitu kikazima chenyewe ukabaki hujui. Sanduku la ndani: sifuri tupu. La kwenye injini, fyuzi iliyoandikwa DOME, inayolisha taa ya ndani na redio: karibu milivolti 2.

Mimi nilimshuku yule mama wa Kijapani, kile kifaa cha kulipia barabara kilichokuja na gari kutoka Japani, kinachoongea kwa sauti ya kike kila nikiwasha. Kumbe hana hatia, anapata umeme ufunguo ukiwashwa tu.

"Redio yako inazimaje?" Nikamwambia nabonyeza kitufe mpaka kioo kiwe cheusi. Nilidhani ndivyo redio za Android zilivyo. Akaitoa. Waya wa njano, wa umeme wa kudumu, na mwekundu, unaotakiwa kufuata ufunguo, vilikuwa vimesokotwa pamoja kwa utepe mweusi. Aliyenifungia alipata sauti, akachukua hela yake. Kioo kilizima, ila redio yenyewe ilikesha siku zote tangu ifungwe.

Alitenganisha, akaunga mwekundu panapostahili, tukasubiri tena. 0.03. Nyongeza 10,000. Jumla 40,000, wakati kila betri ilinigharimu 180,000.

Lawama zangu: kuchelewa, na skrubu moja ya redio iliyobaki mkononi mwangu, ambayo aliapa haina kazi. Naihifadhi pamoja na ile mita.

Wiki iliyopita nilikwenda Morogoro kwa basi, gari likakaa siku tano. Niliporudi nikageuza ufunguo, likawaka mara moja, na mama wa Kijapani akanisalimia.