Uzoefu wangu: kuchuja intaneti ya watoto kwa kiboksi cha MikroTik, baada ya kuhangaika na kompyuta nzima

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza kwanza. Kiboksi chenyewe, ruta ndogo ya MikroTik iitwayo hEX, nilikinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, laki moja na themanini. Huduma ya kuchuja tovuti, NextDNS, ni dola 19.90 kwa mwaka. Ruta ya waifai ya watoto sikununua. Ilikuwa imelala kabatini tangu tulipohama kampuni ya intaneti. Kebo na UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, zilikula elfu sabini. Nimekaa na mtambo huu miezi saba.

Mimi ni mhasibu, si fundi wa mitandao. Nina wawili: wa kiume miaka 14, wa kike miaka 9. Baba yao kazi yake iko Mtwara, anarudi mwisho wa mwezi. Watoto wakitoka shule wanabaki na dada wa kazi mpaka nifike, na foleni za Dar mnazijua. Siku moja mdogo alikuwa anatafuta picha za wanasesere za kupaka rangi. Akaniletea tableti kwa mkono mmoja, mwingine kafunika macho. "Mama, toa hiki." Sitaeleza kilichokuwa kwenye kioo. Usiku huohuo nikaanza kutafuta njia.

Njia ya kwanza ilikuwa ya bure na ilinichukua dakika kumi. Ukiandika jina la tovuti, kifaa chako hakijui iko wapi. Kinamwuliza mtu anaitwa DNS, naye anajibu kwa tarakimu. Sasa ukimweka DNS anayekataa kutaja anwani za nyumba chafu, mtoto hafiki. Wapo kadhaa wa kuaminika: Cloudflare wana 1.1.1.3, waliyoianzisha mwaka 2020. OpenDNS wana FamilyShield, 208.67.222.123, CleanBrowsing wana 185.228.168.168. Unaingia kwenye ruta, unabadilisha tarakimu, umemaliza. Kama watoto wako wote wako chini ya miaka kumi, ishia hapo, usisome zaidi, hela yako nunulia vitabu.

Yangu ilidumu wiki. Kijana aliingia kwenye setingi za laptopu yake, akaandika 8.8.8.8, DNS ya Google isiyochuja, akawa anapita kama hakuna mlango. Nilipomwuliza nani kamfundisha, akasema darasani kwao wote wanajua. Halafu kulikuwa na jambo la mikeka. Nilimsikia akijadili mkeka wa Jumamosi na mwenzake kama mtu wa kijiweni, na hiyo 1.1.1.3 inafunga ngono na virusi, haigusi kubeti. Nilijaribu OpenDNS ile ya kufungua akaunti, ambayo inakuruhusu kuchagua aina za tovuti, kamari ikiwemo. Shida yake ni kwamba inakutambua kwa anwani ya IP ya nyumbani, ile namba ambayo intaneti yako inaonekana nayo huko nje, na kampuni yangu ya intaneti inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ikawa haijui mimi ni nani.

Ndipo mtoto wa shangazi yangu, anayefanya kazi za kompyuta, aliponiambia, "Dada, wewe unahitaji faiawoli ya kweli." Yaani mashine inayosimama mlangoni mwa mtandao na kukagua kila kinachopita.

Akaniletea kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini kwao, akaipachika kadi ya pili ya mtandao ya Intel, kwa sababu OPNsense, faiawoli aliyoiweka humo, imejengwa juu ya mfumo wa FreeBSD na FreeBSD haielewani vizuri na baadhi ya kadi za Realtek. OPNsense ni programu ya bure iliyochipuka kutoka pfSense mwaka 2015. Nisiifanyie ubaya: ni mashine ya kazi. Unaona kila kifaa kinachopita, unaweka kanuni unavyotaka. Kwa ofisi ningeichukua leo. Kwa nyumba yangu ilikuwa kama kufuga ng'ombe kwenye baraza la ghorofani.

Kwanza umeme. Niliihesabu mwenyewe: wati kama 30, masaa 24, siku 30, ni uniti 21 na ushee kila mwezi, na hiyo ni kompyuta ambayo haimfanyii mtu chochote anachokiona. Feni yake ilikuwa inalia sebuleni usiku kucha. Pili, ule uchujaji wa ndani aliouweka, wa kusoma kurasa zenyewe badala ya majina tu. Siku hizi karibu tovuti zote zimefungwa kwa HTTPS, hivyo ili mashine ione ndani inabidi iifungue bahasha katikati ya safari na kuibandika tena, na kila kifaa nyumbani lazima kiwekewe cheti cha kuikubali. Tukaweka kwenye laptopu, tableti, simu. Programu ya benki ikagoma. Programu nyingine mbili zikagoma. Televisheni haikuwa hata na mahali pa kuweka hicho cheti. Na mimi mwenyewe roho ilikuwa inanisuta: nimeweka kijimtu katikati ya nyumba kinachosoma barua za kila mtu, pamoja na zangu.

Lakini kilichoniondolea hamu ni simu. Kila siku ya kufunga hesabu, saa kumi, simu inaita. "Mama, shikamoo. Intaneti imekufa." Umeme umekatika, umerudi, kompyuta imekwama inasubiri mtu abonyeze kitu kwenye kioo, na kioo hakuna. Dada wa kazi hawezi. Mimi nina mkurugenzi mbele yangu. Binamu yuko Dodoma. Mara ya nne nikaamua kwamba kigezo changu kipya ni kimoja: kitu kikiharibika saa kumi jioni, dada aweze kukifanyia dawa bila mimi. Hapo orodha ikawa fupi sana.

Vipo vifaa vya familia vilivyokamilika, kama Firewalla, unakiongoza kwa programu ya simu. Bei yake ni mara kadhaa ya MikroTik na ningelazimika kuagiza nje. MikroTik, hawa Walatvia, wamejaa Kariakoo na mafundi wanaozijua hawakosekani. Tatizo lake, niseme mapema, ni kwamba setingi zake zinatisha. Ukifungua Winbox, programu ya kuipangia setingi, mara ya kwanza unaona menyu kama daftari la hesabu la serikali. Mimi nilimlipa fundi elfu hamsini kwa jioni moja, nikakaa pembeni yake na kalamu, nikaandika kila alichobonyeza.

Mpangilio wenyewe ni huu. Ruta ya kampuni imebaki palepale, chumbani kwangu, na waifai yake ni ya watu wazima. Kebo inatoka humo kwenda kwenye hEX, na kutoka hEX kwenda kwenye ile ruta ya zamani, ambayo sasa inarusha waifai ya watoto peke yake, jina lake na nywila yake. Televisheni nayo iko huko. Kwenye hEX kuna kanuni inayosema: kifaa chochote cha upande wa watoto kikiuliza DNS yoyote duniani, swali lipindishwe lije hapa. Kijana aandike 8.8.8.8, aandike atakacho, anayejibu ni kiboksi. Lango namba 853, ambalo simu za Android hulitumia kwa DNS ya faragha, limefungwa. Kiboksi nacho kinauliza NextDNS kwa anwani yenye namba ya akaunti yangu ndani yake, kwa hiyo ile habari ya IP ya pamoja haina kazi tena. Kwenye NextDNS nimefunga ngono na kamari, nimelazimisha utafutaji salama wa Google, na nimewasha kile kipengele cha kuzuia njia za kukwepa, yaani VPN na wenzake.

Na dada? Karatasi imebandikwa ukutani: intaneti ya watoto ikigoma, chomoa kiboksi cheupe, hesabu hadi ishirini, chomeka. Ikigoma bado, acha, watoto wafanye mambo mengine. Waifai ya watu wazima haijaguswa, kwa hiyo hata kiboksi kikifa, yeye na simu yake hawahusiki.

Karatasi hiyo ilishindwa mara moja, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa sababu huenda kikakupata. Umeme ulikatika mchana, ukarudi, watoto hawana intaneti. Dada akachomoa, akachomeka, akahesabu ishirini mara tatu. Nimefika nyumbani, nafungua setingi kwenye simu, natazama saa ya kiboksi: tarehe 2 Januari 1970. Kifaa hiki hakina betri ya kutunza saa. Kikizimika, kinaamka kikidhani dunia ndiyo imeanza. NextDNS wanaongea kwa njia iliyofungwa na cheti, na cheti hicho, kwa mtu anayeishi 1970, bado hakijaanza kutumika. Kwa hiyo kinakataa. Na ili kirekebishe saa kinahitaji kupata seva ya saa kwa jina, na jina hakiwezi kulipata bila DNS. Nyoka anameza mkia wake. Isitoshe nilikuwa nimeweka kanuni ya kufunga mtandao wa watoto saa tatu na nusu usiku, na kwa saa ya kiboksi ilikuwa usiku wa manane. Dawa ilikuwa kuweka seva ya saa kwa tarakimu badala ya jina, na ndipo nikanunua ile UPS ndogo. hEX haifiki wati 10, UPS inaibeba vizuri mpaka umeme urudi. Haijarudia.

Kitu cha pili: NextDNS ni bure hadi maswali 300,000 kwa mwezi, na nilidhani nyumba ya watoto wawili haifiki huko. Televisheni peke yake ilitufikisha. Ile kitu haina adabu. Ikizuiwa kuongea na seva za matangazo inauliza tena na tena hata ikiwa imezimwa. Ukivuka kiwango hawakukatii intaneti, wanaendelea kujibu ila wanaacha kuchuja. Mimi niligundua kwa sababu kijana alikuwa na furaha isiyoelezeka kwa siku mbili. Ndipo nikalipia.

Ina kasoro, tena si ndogo. hEX inaongea na NextDNS kwa wasifu mmoja tu, hivyo wa miaka 9 na wa miaka 14 wanachujwa sawasawa. Kijana analalamika na ana haki. YouTube iko kwenye hali ya vizuizi, inayoficha maoni yote, jambo ambalo nimelipenda, lakini imeficha pia video ya mwalimu wa baiolojia kwenye mada ya uzazi aliyokuwa anaihitaji kwa jaribio. Nikampa simu yangu akaangalia mezani kwangu. RouterOS, programu iliyomo ndani ya kiboksi, ina kipengele chake cha watoto, kinaitwa Kid Control, cha kumpangia kila mtoto masaa yake. Sikukaa nacho wiki, kwa sababu kinatambua kifaa kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, na simu za Android tangu toleo la 10 hujitungia MAC ya bandia kwa kila mtandao. Ukiusahau mtandao na kubadilisha setingi moja, wewe ni mgeni mpya. Kutenganisha waifai kulinisaidia kuliko hicho.

Hata huko kulivuja. Mjomba wao alikuja Pasaka, akaomba waifai, nikamfungulia msimbo wa QR kwenye simu yangu aupige. Kijana alikuwa nyuma ya kochi. Yeye pia aliupiga. Nywila imebadilishwa, na mgeni sasa naandika mwenyewe kwenye simu yake.

Kuna mahali chujio hili halioni kabisa, na afadhali ujue kabla ya kutoa hela zako. Zile video za ngono zinazoitwa koneksheni hazikai kwenye tovuti. Zinatembea kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp. DNS inajua jina la Telegram, haijui kilichomo. Ni kufunga yote au kuacha yote. Telegram nimeifunga. WhatsApp siwezi, grupu la darasa liko huko na kazi za shule zinatumwa huko. Tovuti za kubeti za hapa kwetu nazo nyingine hazimo kwenye orodha za kimataifa. Nimeongeza kama kumi kwa mkono, kila nikiona tangazo jipya kwenye bodaboda nalirekodi. Na bando la simu, bila shaka, halipiti kwenye kiboksi. Simu ya kijana nimeiwekea Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, na vocha nainunua mimi.

Kumbukumbu za tovuti NextDNS wanakutunzia ukitaka. Wiki ya kwanza nilizisoma kila usiku, kila jina, mpaka nikajiona kama mpelelezi kwenye nyumba yangu. Nilizizima. Nimeacha tu kufunga kufanye kazi, na juu ya friji kuna daftari: tovuti ikifungwa kimakosa, andika jina na sababu, nitaangalia jioni. Mdogo ameandika mara mbili, zote tovuti za kupaka rangi, zote nimefungua. Kijana ameandika mara kumi na moja. Sita nimefungua, nne hapana, na moja, ya wiki iliyopita, bado tunaibishania.