TAHADHARI: Muuzaji wa ndege za rimoti za zamani anayeibatiza upya ndege ileile

Wadau wa ndege za rimoti, hasa tunaotafuta zile za sarakasi za miaka ya 1960 na 1970, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya kuuziana akinadi ndege "halisi za enzi zile", na ameshawaliza watu, mmoja wao rafiki yangu wa karibu. Kutaja jina analotumia hakusaidii, analibadilisha kila akishtukiwa. Picha zake ndizo hazibadiliki, na ndizo zinazomuumbua.

Ndege anayoinadi zaidi ni nyeupe yenye michirizi ya bluu na nyekundu. Tazama bawa la kushoto, karibu na ncha. Kuna kiraka chenye pembe nne cha plastiki nyekundu, ile ya kufunikia ndege inayobandikwa kwa pasi, kimepigwa pasi harakaharaka mpaka pembe moja imejikunja, na wekundu wake umekolea kuliko mchirizi uliopo pembeni. Kiraka hicho nimekiona kwenye tangazo la "Kwik Fli III ya 1967". Nikakiona tena kwenye "Taurus ya Kazmirski". Rafiki yangu yeye aliuziwa kama "Kaos ya mwanzo kabisa ya Bridi", akalipa pesa yote, na mpaka leo hajapokea hata skrubu.

Hizo ni ndege tatu tofauti kabisa! Ed Kazmirski wa Marekani ndiye bingwa wa dunia wa kwanza wa sarakasi za ndege za rimoti, alishinda Uswisi mwaka 1960 kwa ndege yake ya Orion, na Taurus ikafuata. Taurus ilichorwa kwa ajili ya rimoti za wakati ule, ambazo usukani ulikwenda mpaka mwisho au haukwenda kabisa, ndiyo maana ina bawa nene na hutulia hewani. Kwik Fli III ni ya Phil Kraft, aliyetwaa nayo ubingwa wa dunia kisiwani Corsica mwaka 1967, wakati rimoti zinazofuata kidole hatua kwa hatua zilikuwa zimeshashika. Kaos ya Joe Bridi ilipendwa mno miaka ya 1970, ikazaa Super Kaos na ndugu zake, na baadaye ikatolewa tena hata ikiwa imeshaundwa, karibu tayari kwa kuruka. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuweka michoro yao pamoja mezani, zote zina bawa chini, kioo cha rubani juu na injini puani. Tapeli huyu anakula hapo hapo.

Kwa hiyo usikubali jina kabla ya kuona mchoro. Michoro mingi ya enzi hizo inapatikana bure kwenye hazina ya mtandaoni ya Outerzone. Mwombe muuzaji picha iliyopigwa kutoka juu kabisa na nyingine ya ubavuni, ndege ikiwa imelala sawa, kisha linganisha uwiano, maana ukubwa hauonekani kwenye picha. Upana wa bawa pale linapokutana na bodi unaingia mara ngapi kwenye urefu wa bodi? Ukingo wa mbele wa bawa umerudi nyuma au umenyooka? Mkia wa kusimama umekatwaje kule juu? Rangi na stika zisikuhadae, hizo hubandikwa jioni moja.

Anayo pia "Curare ya Hanno Prettner", ile iliyompa Prettner wa Austria ubingwa wa dunia mwaka 1977. Hii ni rahisi kumkamata. Curare ina mabawa ya mkia yaliyoinama chini pande zote mbili na magurudumu yanayokunjwa. Aliyoiweka yeye ina mkia ulionyooka na miguu ya waya isiyokunjika popote. Bado watu walikuwa wanapandishiana bei.

Kinachoniudhi zaidi ni maboksi ya vipande vya kujiundia ndege mwenyewe. Anauza boksi la zamani, kweli lina vumbi na chapa ya kiwanda, akisema ndani kuna vipande ambavyo havijaguswa tangu vilipotoka kiwandani. Aliyenunua moja alinionyesha mbavu za bawa. Kingo zake zote zilikuwa na rangi ya kahawia iliyoungua, sawasawa kutoka upande mmoja wa ubao hadi wa pili, na ukizinusa bado zina harufu ya moshi. Hiyo ni kazi ya leza, ya siku hizi. Vipande vya maboksi ya miaka ya 1960 kwa kawaida vilikatwa kwa kugandamizwa na kisu cha mashine, na balsa, ule ubao mwepesi wa kuundia ndege, ikikatwa hivyo huwa na ukingo uliopondeka, wenye nyuzinyuzi, mweupe kama ubao wenyewe. Boksi ni la kale, mbao ni za juzi.

Kwenye ndege iliyokwisha kuundwa, mwambie amulike tochi ndani ya tundu la sevo (kimota kinachosukuma usukani) katikati ya bawa apige picha ya ubavu wa kwanza. Ukiona ukingo ulioungua kwenye ndege inayodaiwa ni ya 1967, ondoka. Ngozi ya nje haikupi umri, kwa sababu ndege nyingi halali zilivuliwa hariri na dopu (rangi ya kukazia kitambaa) zikavikwa plastiki ya kupiga pasi. Ukarabati si kosa. Nakala mpya nayo si kosa, ninazipenda na zinaruka vizuri, mradi muuzaji aseme ni nakala na aweke bei ya nakala.

Mbinu zake za malipo ni zilezile: kuna mteja mwingine yuko njiani, tuma arubuni leo, tumia njia ya kutumiana ndugu na marafiki ili "tukwepe makato". Njia hiyo kwa kawaida haina ulinzi wa mnunuzi. Ukimwomba picha ya chini ya bawa, anakasirika. Ukimwomba apige picha ndege ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, anakuzuia.

Kama umeshalipa, hifadhi mazungumzo yote na picha za tangazo kabla hajalifuta, na uwasiliane na benki au kampuni ya malipo leo hii, usingoje ahadi ya "mzigo uko njiani". Atakuomba pesa nyingine ya ushuru wa forodha. Rafiki yangu aliombwa. Usitume.