Mita ya maji kwa saladi za kwenye mapaipu: Hanna HI98129 baada ya miaka miwili Bombo

Jeshini nilikuwa fundi wa redio kwa miaka ishirini na miwili. Kifaa hakikutoka karakana yetu mpaka kijaribiwe na jibu liandikwe daftarini. Ndiyo maana inaniuma mpaka leo kwamba msimu wangu wa kwanza wa kulima saladi bila udongo niliamini mita ambayo sikuijaribu hata siku moja.

Nalima nyuma ya nyumba, hapahapa Bombo: mapaipu kumi na sita ya PVC na tangi la lita 500 la maji ya mbolea. Vichwa kama mia nane hivi, na vinaondoka alfajiri kwenda Kampala. Maji natega ya mvua, kiangazi kikikaza nachota boho, kile kisima kirefu. Mita nilizoanza nazo ni kalamu mbili za njano, moja ya pH, yaani uchachu wa maji, na moja ya chumvi, zote shilingi 90,000. Jina la duka nitaliacha. Muuzaji aliniambia kalamu ya pH niiweke kwenye maji ya betri, yale masafi yasiyo na chumvi, ili isichafuke. Nikamtii miezi mitatu.

Siku moja kijana anayenisaidia akaja mbio: "Afande, majani machanga yanageuka manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani." Nikachovya kalamu, ikasoma 6.0. Kwa saladi pH ya 5.5 hadi 6.5 ndiyo nzuri, kwa hiyo nikasema maji hayana kosa, labda mbolea ni ndogo. Nikaongeza mbolea. Hali ikazidi kuharibika. Baada ya wiki ndipo nilipopata kipakiti cha maji ya kujaribia mita, yanayojulikana kuwa pH 7. Kalamu ikachovywa, ikasoma 5.8. Nikasubiri dakika mbili, 5.8. Maana yake ile 6.0 yangu ya kila siku ilikuwa 7.2, na kwenye pH hiyo madini ya chuma yamo ndani ya maji lakini mzizi hauyapati. Nusu ya saladi zangu ziliishia kwa kuku.

Maji masafi ndiyo yaliyoiharibu ile kalamu. Ndani ya elektrodi ya pH, ile ncha inayopima, mna mchanganyiko wa potasiamu kloridi. Ukiiloweka kwenye maji yasiyo na chumvi, chumvi yake inavutwa nje kidogo kidogo, na mita inaanza kusema uongo bila kukuonyesha dalili yoyote. Ikikaa kavu nayo inaharibika. Inatakiwa ikae kwenye maji yake ya kuhifadhia, yenye hiyo potasiamu kloridi. Matone machache tu ndani ya kifuniko yanatosha.

Februari 2023 nikanunua Hanna HI98129. Ni mita moja inayopima pH, upitishaji wa umeme, yaani EC, unaoonyesha wingi wa mbolea majini, na joto la maji. Nililipa 720,000, na mama watoto alinyamaza siku nzima. Bei hiyo nilikubali kwa sababu moja iliyozidi nyingine zote: elektrodi yake ya pH inafunguliwa na kubadilishwa. Elektrodi ya pH ni kitu cha kuchakaa, kama kiatu cha breki. Hata ukiitunza vipi, mwaka mmoja, miwili, inachoka. Zile kalamu za njano elektrodi ikichoka unatupa kalamu nzima. Kwa hiyo ukienda dukani, swali la kwanza liwe "elektrodi yake inauzwa peke yake?" Muuzaji akibabaika, rudisha pesa mfukoni. La pili, nunua maji ya kusawazishia, yenye namba inayojulikana ya kurekebishia mita, siku hiyohiyo: pH 7.01, pH 4.01, na ya EC yenye maikrosimensi 1,413. Mita bila hayo ni bunduki ambayo hujaipeleka shabaha.

Kuisawazisha hakuhitaji msomi. Unabonyeza kitufe mpaka neno CAL litokee, unachovya kwenye 7.01, inayatambua maji yenyewe, inakuomba 4.01, imekwisha. Chupa ya 10 sikuinunua. Maji ya saladi yanacheza kati ya 4 na 7, na isitoshe maji ya pH 10 yakishafunguliwa yanavuta hewa ya ukaa na kushuka yenyewe. Natumia vipakiti vidogo vya mara moja. Kama una chupa, mimina kidogo kwenye kikombe na ukimaliza mwaga. Usirudishe chupani hata tone. Mimi nasawazisha kila baada ya wiki mbili, na kila Jumatatu nakagua tu kwenye 7.01 bila kubonyeza kitu. Ikipotea zaidi ya 0.1, nasawazisha siku hiyo.

Sasa EC, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanaumia bila kujua. Rafiki yangu wa Mukono aliniambia kwa simu, "Saladi weka 840." Kalamu yangu ya njano nikaifikisha 840, na ncha za majani zikaungua. Mita yake na yangu hazikuwa zikihesabu kwa lugha moja. Mita hizi zote zinapima umeme unavyopita kwenye maji, kisha zinazidisha kwa namba ili zikupe "ppm", yaani sehemu kwa milioni. Nyingine zinazidisha kwa 500, nyingine kwa 700. Kwake 840 ilikuwa EC ya 1.2, yaani maikrosimensi 1,200. Kwangu 840 ilikuwa karibu 1.7. Saladi changa, mchana wa joto, hiyo ni nyingi. Tangu siku hiyo mimi na yeye tunazungumza kwa EC tu. HI98129 inakuruhusu kuchagua namba ya kuzidishia, kuanzia 0.45 hadi 1.00 (ile 500 hapa ni 0.50, na 700 ni 0.70), lakini ushauri wangu ni uiache ppm kabisa. Saladi naanza 1.2, zikikua nafika 1.6 hadi 1.8.

Joto nalo lina maneno. Tangi langu asubuhi ni digrii 22, saa tisa alasiri 29. Maji yaleyale yakipata moto yanapitisha umeme zaidi, kama asilimia 2 kwa kila digrii. Mita isiyorekebisha joto ingeniambia mbolea imepanda kwa asilimia 14 na mimi nisingekuwa nimegusa kitu. Hii inarekebisha yenyewe, inakupa jibu kana kwamba maji yako digrii 25.

Ila ujue mpaka wake: EC inaishia maikrosimensi 3,999. Kwa saladi, sukuma na hata nyanya inatosha, lakini mchanganyiko mzito wa mbolea ulioko kwenye jerikeni kabla hujauzimua haiwezi kuupima. Kwa maji yanayozidi hapo ipo ndugu yake, HI98130, ingawa nayo ina mpaka wake. Na usipime pH ya maji ya mvua matupu ukategemea jibu. Chumvi yake ni ndogo mno, namba inatangatanga. Changanya mbolea kwanza, koroga, subiri, ndipo upime.

Rafiki wa Mukono yeye kwa EC ana Bluelab Truncheon, fimbo ya kutoka New Zealand inayowaka taa badala ya namba. Haihitaji kusawazishwa, inataka kuoshwa kichwa tu. Taa zake zinaruka kwa 0.2, kwa hiyo huoni kilicho katikati, lakini kwa shamba lenye vibarua wengi wenye mikono ya matope ningeichukua bila kusita. Hata hivyo pH haipimi, itabidi uwe na kifaa kingine.

Kuitunza: nikimaliza kupima nasuuza, nakung'uta, nagusisha karatasi laini. Kile kioo cha duara kilichoko kwenye ncha ya elektrodi usikisugue kwa kitambaa kamwe. Siku moja nilikuta kimekauka kwa sababu kifuniko kilikuwa hakikubanwa. Nikakiloweka usiku kucha kwenye maji ya kuhifadhia, asubuhi kikarudi sawa.

Mwezi wa kumi na mmoja hivi mita ikaanza kuwa nzito. Ilikuwa inachukua dakika nzima kutulia. Karibu na kile kioo kuna kitambaa chembamba kinachochungulia nje, ndipo chumvi za ndani zinapokutana na maji unayopima. Changu kilikuwa kimekuwa rangi ya chai kwa mbolea. Nikachukua kibano cha nyusi cha mama watoto, nikakivuta taratibu kama milimita 3. Kikatoka kipande kipya, cheupe kabisa. Nikaloweka, nikasawazisha, na mita ikawa inatulia kwa sekunde chache tena. Kitambaa hicho hakirudi ndani, kwa hiyo usikivute ovyo. Mimi nilikivuta mara tatu tu katika maisha ya elektrodi ile.

Ilidumu miezi kumi na tisa. Ilipokataa kabisa 4.01, niliagiza mpya kwa 310,000 na kuifunga mwenyewe mezani, kijana akinimulikia simu. Hiyo ilikuwa Septemba 2024. Leo asubuhi kwenye 7.01 imesoma 7.03.